Paa ya Paa na Ubao wa Mjomba: Historia ya Nyumba ya Sanaa Ikisomwa kutoka Rumonge

Katika masika ya mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yaliingia katika mitaa ya ufukweni ya Rumonge. Nilitoka chuoni kwenda kumsaidia mkaza mjomba wangu kuhamisha vyombo. Tulibeba masufuria, magodoro na madumu ya mawese, na mwisho kabisa nikachukua ubao mzito ambao kwa miaka mingi nimemwona akiutumia kupaa samaki. Nilipougeuza ili niuweke kichwani, niliona rangi. Kulikuwa na picha: mtumbwi wenye taa mbili, mwanamke amebeba beseni la ndagala, na nyuma yao milima ya Kongo. Juu ya picha zilibaki herufi nne za neno refu. Nyingine zilikwisha kuliwa na kisu.

“Mama, hii si kazi ya mjomba?” nilimwuliza.

“Ni yake. Mwenye duka hakulipa, akaurudisha nyumbani. Zile mbao nyingine tumezipikia.”

Mjomba alikuwa mchoraji wa mabango. Alizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi, kwa sababu wazazi wake walivuka ziwa mwaka 1972. Aliporudi Rumonge, tayari mtu mzima, alichora vinyozi, maduka ya dawa, mabucha, majina ya mitumbwi na tope za malori. Alifariki kabla ya maji kupanda. Kwa hesabu yangu alichora mamia ya picha, na leo ninaweza kuonyesha moja tu, tena iliyojaa alama za kisu.

Katika insha hii nataka kueleza historia ya nyumba moja ya sanaa, nayo ni Paa ya Paa ya Nairobi. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mtoto wa Rumonge aandike juu ya nyumba iliyoko Kenya. Jibu langu liko katika maneno ya mkaza mjomba. Nataka kujua watu wengine wa Afrika Mashariki walifanya nini ili picha zao zisipikiwe, walifaulu wapi na walipoteza nini. Baada ya hapo nitarudi kwenye pwani yetu ya ziwa.

Jina

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kulipita jina hili bila kusimama. Neno paa ni kipenzi cha walimu wanapofundisha maneno yenye maana nyingi. Paa ni mnyama wa jamii ya swala. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba inayotukinga na mvua. Kupaa ni kwenda juu, kama ndege au moshi. Kupaa ni kutoa magamba ya samaki, na hii ndiyo maana ambayo mtoto wa Rumonge huijua kwanza. Iko na maana ya tano ambayo wenzangu wengi darasani hawakuwahi kuisikia: kupaa moto, yaani kwenda kwa jirani na kigae, kuchukua makaa machache, na kurudi kuwasha jiko lako. Bibi yangu alikuwa akitutuma kupaa moto kabla kiberiti hakijawa kitu cha kila nyumba.

Waasisi wa nyumba ya Nairobi walilichukua jina kwa maana ya paa anayeinuka, mnyama anayeruka juu. Mwalimu wa sarufi angetaka kuandika “paa yapaa” kwa neno moja, au “paa anapaa” kwa upatanisho wa viumbe hai tuliozoea. Kwa kuandika “ya” peke yake, waasisi waliacha jina wazi kidogo, na kila msomaji anaweza kuingia kwa mlango wake. Mimi niliingia kwa mlango wa samaki. Mwishoni mwa insha nitatoka kwa mlango wa moto.

Kabla ya nyumba

Historia ya Paa ya Paa haianzi Nairobi. Inaanzia Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, ambako Elimo Njau alizaliwa mwaka 1932. Katika miaka ya 1950 alisoma sanaa katika Chuo cha Makerere, Kampala, kwenye shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Shule hiyo ndiyo iliyowafundisha wengi wa wachoraji na wachongaji wa kwanza wa Afrika Mashariki waliopata elimu ya juu.

Kazi iliyomtambulisha Njau iko Murang'a, katikati ya Kenya. Kanisa kuu la Anglikana la mji huo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Njau alipewa kuta zake. Alichora picha kubwa tano za maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, na akaziweka zote katika nchi ya Wakikuyu: vilima vyao, nyumba zao, sura zao. Yesu wake ni Mwafrika. Tukumbuke kwamba Kenya ilikuwa bado koloni, na damu ya vita ilikuwa haijakauka. Kuwaambia watu waliouana kwamba Mwokozi alizaliwa katika kibanda kama chao halikuwa jambo dogo. Ninaitaja kazi hii kwa sababu inaonyesha kitu ambacho kitarudi: sanaa ya Njau ilitaka kukaa mahali ambapo watu wa kawaida wanapita, wakiwa na huzuni zao, bila tiketi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Njau alikuwa Nairobi. Alifanya kazi katika jumba la picha la Sorsbie, kisha akaongoza upande wa sanaa za uchoraji katika kituo cha utamaduni kilichoitwa Chemchemi. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1963 na Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Chemchemi ilikusanya waandishi, waigizaji na wachoraji, na jina lake la Kiswahili lilikuwa ahadi nzuri. Lakini haikudumu miaka mingi. Mphahlele aliacha uongozi mwaka 1965 kwenda kufundisha chuo kikuu, na mwaka uliofuata akaondoka Kenya.

Jambo moja la Chemchemi linatufaa sisi wanafunzi wa historia. Fedha zake zilitoka kwa Congress for Cultural Freedom, shirika lenye makao Paris. Mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba shirika hilo lilikuwa likilishwa kwa siri na CIA. Waliofanya kazi Chemchemi hawakuwa majasusi, na kazi waliyoifanya ilikuwa kazi ya kweli. Hata hivyo, chemchemi ambayo maji yake yanafunguliwa na mtu wa mbali inaweza kufungwa na mtu huyohuyo, na wanaochota hawataambiwa sababu.

Koinange Street, 1965

Paa ya Paa ilifunguliwa Nairobi mwaka 1965, katika jengo la Sadler House kwenye barabara ya Koinange. Mara nyingi hutajwa kuwa nyumba ya kwanza ya maonyesho ya sanaa mjini humo iliyoendeshwa na Waafrika wenyewe. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini inahitaji kufunguliwa, kwa sababu orodha ya waasisi inasema zaidi.

Alikuwepo Elimo Njau, na alikuwepo Rebeka Njau, mwandishi wa tamthilia The Scar na, baadaye, wa riwaya Ripples in the Pool iliyotoka mwaka 1975. Alikuwepo Jonathan Kariara, mshairi na mhariri wa vitabu. Alikuwepo Hilary Ng'weno, mwandishi wa habari ambaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa gazeti la Daily Nation. Alikuwepo James Kangwana, mtangazaji, na Pheroze Nowrojee, mwanasheria. Walikuwepo pia Primila Lewis na Charles Lewis. Ukiwahesabu utaona kwamba wachoraji ni wachache kuliko wengine. Nyumba ya sanaa ilianzishwa na mchoraji pamoja na mshairi, mwanahabari, mtangazaji na wakili. Ilikuwa pia na watu wa asili tofauti: Waafrika, Wahindi na Wazungu, miaka miwili tu baada ya uhuru, katika mji uliokuwa umegawanywa mitaa kwa rangi ya ngozi.

Kwa hiyo nyumba haikuwa ukuta wa kutundikia picha peke yake. Palikuwa na maonyesho, lakini pia usomaji wa mashairi, maigizo, mafunzo na mazungumzo. Mchongaji aliweza kumsikia mshairi, na mwandishi aliweza kukaa mbele ya kinyago. Tukitafuta neno la Kiswahili linaloeleza mahali pa namna hiyo, naona baraza linafaa kuliko makumbusho. Makumbusho huhifadhi kilichokwisha. Barazani watu hukaa, huongea, na wakati mwingine hugombana, lakini kesho hurudi.

Njau alikuwa na usemi ambao wote waliopita Paa ya Paa waliusikia: aliwaonya vijana wasiige, akisema kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Kwa mchoraji aliyefundishwa katika shule iliyoanzishwa na Mwingereza, katika mji ambao watalii walitaka kununua twiga na machweo ya jua, usemi huo ulikuwa na makali pande mbili. Ulikataza kuiga Ulaya, na ulikataza pia kujiiga wenyewe kwa ajili ya soko.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 Njau alifungua pia nyumba ya sanaa ya Kibo, kwao Marangu. Hili huwa halisemwi sana, na kwangu mimi ndilo lililonigusa. Kama sanaa ni ya mji mkuu tu, mtu mwenye jina Nairobi asingerudi kuweka picha kijijini, kati ya migomba na kahawa. Rumonge ni mji mdogo, na Marangu ni mdogo zaidi.

Moto

Baadaye Paa ya Paa iliacha katikati ya mji ikahamia Ridgeways, kando ya barabara ya Kiambu, kwenye kiwanja chenye miti. Huko iliendelea kama nyumba ya maonyesho na kama makazi: msanii aliyepita kutoka nchi nyingine aliweza kukaa na kufanya kazi, na watoto waliletwa kuchora. Njau aliiongoza pamoja na Phillda Njau, mkewe aliyetoka Marekani.

Mwaka 1997 moto uliteketeza jengo kuu. Kazi zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 30 ziliungua: picha, vinyago, na pamoja navyo kumbukumbu za maonyesho ya kizazi kizima.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza, nilifunga kitabu. Nilikuwa natafuta mfano wa nyumba iliyookoa picha, na nimekuta nyumba iliyoziweka picha zote pamoja hadi zikaungua pamoja. Mbao za mjomba zilipikiwa moja moja. Zile za Nairobi ziliungua kwa siku moja. Kuna tofauti gani basi?

Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na sitaki kulijibu kwa maneno ya kufariji. Picha iliyoungua imekwenda. Wanaosema kwamba sanaa haifi wanasema hivyo kwa sababu hawakuichora wao. Lakini tofauti ipo, na iko katika yaliyotokea baada ya moto. Elimo na Phillda Njau hawakuondoka. Waliendelea palepale, wakajenga tena walichoweza, wakapokea tena wasanii na watoto. Kilichowawezesha ni kwamba kwa miaka 30 watu walikuwa wamezoea kwenda pale. Walijua njia. Walijua nani alichora nini, na waliweza kusimulia picha ambazo hazipo. Kazi iliyoungua Ridgeways ina majina na ina mashahidi. Mbao zilizopikwa Rumonge hazina shahidi isipokuwa mkaza mjomba na mimi, na mimi sikuzitazama zilipokuwapo.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya nyumba ya sanaa kwa namna nyingine. Paa lake halikingi picha peke yake. Linawakinga pia watu wanaojifunza kutazama, na hao ndio wanaobaki paa likianguka.

Pwani ya ziwa

Sasa nirudi nyumbani. Barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge ina zaidi ya kilomita 70, ziwa likiwa kuliani na milima kushotoni. Si mbali baada ya kutoka mjini, pale Mugere, kuna jiwe kubwa. Limeandikwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 1871, walipopita hapo kwa mtumbwi kutoka Ujiji. Kila mtoto wa pwani hii amepelekwa kuliona au amesimuliwa habari zake. Jiwe hilo linawakumbuka wageni wawili waliopita. Waliopiga makasia hawakuandikwa, wala aliyechonga mtumbwi.

Sisemi kwamba Burundi haina nyumba za kumbukumbu. Makumbusho ya Taifa ya Gitega yalianzishwa mwaka 1955, na yanahifadhi vyombo vya ufalme na maisha ya vilimani. Musée Vivant ya Bujumbura ilianzishwa mwaka 1977. Ngoma za kifalme, ambazo Gishora ni mahali pake mashuhuri, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Hizi ni fahari zetu sote. Lakini mtu akizipitia zote ataona Burundi ya vilima, ya ng'ombe na ya mfalme. Burundi ya ziwa, ya mawese, ya mukeke na ya Kiswahili, haionekani sana.

Kuna sababu za kihistoria. Kiswahili kilifika pwani yetu pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji na Manyema, na kwa muda mrefu wasemaji wake walitazamwa kama wageni hata walipokuwa wamezaliwa hapa. Neno “Mswahili” katika vinywa vya wengine lilimaanisha mtu mjanja asiye na kwao. Sanaa ya watu hao ilikuwa katika vitu vinavyotumika: mtumbwi uliopakwa rangi, ukili, kanga, bango la duka. Vitu vya namna hiyo havikuonekana kuwa vya makumbusho.

Sababu ya pili ni mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo uasi ulianza Rumonge na sehemu nyingine za kusini, watu wengi wakauawa. Serikali ikajibu kwa mauaji makubwa ya Wahutu, nchi nzima. Maelfu kwa maelfu walivuka ziwa na mpaka kwenda Tanzania, na wengi waliishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mtu anayekimbia usiku kwa mtumbwi habebi picha ya ukutani. Waliorudi baada ya miaka 30 au 40 walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine, na kesi za ardhi zikawa mazungumzo ya kila siku. Katika mji ambao watu wanabishana nani alikuwa hapa kwanza, nani atauliza nani alichora nini?

Mwaka huohuo wa 1972, upande wa pili wa Tanzania, Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam na mtawa Mmarekani, Sista Jean Pruitt, ili vijana wasio na kazi wapate mahali pa kuchora na kuchonga. George Lilanga aliingia pale kama mlinzi. Alitoka akiwa mmoja wa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani. Ninapoiweka tarehe hiyo karibu na ile ya Rumonge, najiuliza mjomba angekuwa nani kama karibu na mahali alipokulia kungekuwa na lango la namna hiyo, hata la kulinda usiku tu.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga. Alisema mabango ni biashara na si sanaa, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Nilimjibu kwa mfano wa Edward Saidi Tingatinga. Kuanzia mwaka 1968 hivi alichora Dar es Salaam kwenye vipande vya mbao ngumu, kwa rangi za dukani za kupakia vyuma na milango, na kuziuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliodhani ni mhalifu. Alichora kwa miaka minne tu. Lakini ndugu na wanafunzi wake walikuwa wamekaa naye chini ya mti uleule, wakaendelea, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Rangi yake ilikuwa ileile ya mabango. Mjomba aliikosa ile kivuli ya mti ambayo watu wengine hukaa pamoja nawe.

Sababu ya tatu ni mpya, nayo ni maji. Kwa miaka kadhaa sasa ziwa limekuwa likipanda. Nyumba za ufukweni zimeingiliwa, nyingine zimeachwa, na pamoja nazo kuta zilizochorwa, vibanda vyenye mabango, na mitumbwi mizee iliyokuwa imepumzishwa mchangani. Nairobi ilipoteza kwa moto, sisi tunapoteza kwa maji, polepole, na hakuna gazeti linaloandika kwamba jumba la sanaa limezama kwa sababu hapakuwa na jumba.

Hitimisho

Kwa kumalizia, nataka kusema ninachokipendekeza na nisichokipendekeza. Sipendekezi kwamba Rumonge ijenge Paa ya Paa yake. Elimo Njau mwenyewe angetukataza. Hatuna watalii wa Nairobi, hatuna waandishi na mawakili kwenye mtaa mmoja, na tuna majeraha ambayo Koinange Street ya mwaka 1965 haikuwa nayo. Nyumba inayoletwa nzima kutoka kwingine, pamoja na fedha zake, inaweza kutufanya yale yaliyoifanya Chemchemi.

Hapa narudi kwenye maana ya tano ya paa. Anayekwenda kupaa moto kwa jirani habebi jiko la jirani. Huchukua makaa mawili matatu, na nyumbani huwashia kuni zake, apike chakula chake. Makaa tunayoweza kuyapaa kutoka Nairobi naona ni matatu. La kwanza ni kwamba nyumba ya sanaa ianzishwe na watu wa kazi mbalimbali: kwetu wawe mvuvi, fundi mtumbwi, mwalimu, mwanamke anayesuka ukili, mtangazaji wa redio. La pili ni kwamba iwe baraza kwanza. Chumba kimoja kilicho juu ya mstari wa maji kinatosha, mradi watu wajue kwamba Jumamosi kiko wazi. La tatu ni kwamba kila kitu kipigwe picha na kuandikwa jina la aliyekifanya siku kinapoingia, na nakala ikae mahali pengine, kwa sababu paa lolote linaweza kuungua au kuzama.

Katika baraza la namna hiyo waliorudi na waliobaki wanaweza kukaa mbele ya ubao mmoja. Sidai kwamba picha itamaliza kesi ya shamba. Nasema tu kwamba mtumbwi wenye taa mbili hauulizi ulikuwa wapi mwaka 1972. Wote wawili wameuona usiku, mmoja akiwa ufuko huu, mwingine ule.

Nimeanza kidogo. Nimepita mitaani na simu, nikipiga picha za mabango na mitumbwi na kuuliza nani alivichora. Hadi sasa nina vitu 41. Kwa 26 nimepata jina. Kwa 15 waliobaki watu wanasema tu, “alikuwa kijana mmoja hivi.” Kati ya vile 26, sita ni vya mjomba ambavyo sikujua kwamba bado vipo, kimoja kikiwa mlango wa banda la kuku.

Ubao wa samaki nao nimeupata. Mkaza mjomba hakukataa, ila aliniuliza, “Na mimi nitapaa samaki juu ya nini, mwanangu?” Nilikwenda sokoni nikamnunulia mwingine wa mwembe. Aliugeuza pande zote mbili, akahakikisha kwamba haukuchorwa kitu, ndipo akaanza kazi.